Ekari 37 badala ya 40: jinsi ya kusoma ramani za kwanza za upimaji wa Iowa

SWALI: Msomaji wetu anayeishi Des Moines, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, anaeleza kwamba yeye na wenzake wawili wanakusudia kununua kipande cha shamba katika kaunti iliyo kaskazini mwa mji huo. Hati inakitaja kipande hicho kuwa robo ya kaskazini magharibi ya robo ya kaskazini magharibi ya seksheni ya 6 (seksheni ni mraba wa maili moja kwa moja katika mfumo wa upimaji wa Marekani). Wameambiwa kwamba robo ya robo huwa ekari 40, lakini hati inaandika ekari 37.40. Muuzaji aliwaonyesha nakala ya ramani ya serikali ya mwishoni mwa miaka ya 1840 ambamo kijito kinapita katikati ya kipande hicho, ilhali leo kijito kiko ukingoni kabisa, upande wa mashariki. Anauliza: je, ramani ile ilikosewa, ekari zilizopungua zimekwenda wapi, na mpaka ufuatwe wa ramani au wa uzio uliopo?

JIBU: Ndugu msomaji, ekari zenu mbili na nusu na ushei hazikuibwa na mtu. Zilipungua kabla shamba hilo halijapata mmiliki wake wa kwanza kwa sheria za Marekani, na mahali pa kupungua palipangwa mapema: kona ya kaskazini magharibi ya seksheni ya 6 ndiyo ambayo sheria iliitwika makosa ya vipimo ya eneo zima linaloizunguka. Kuhusu kijito, inawezekana kabisa kwamba mpimaji hakukosea hata kidogo na ramani bado ikawa si sahihi, jambo nitakalolieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowapotosha wasomaji wengi wa ramani hizi. Na kuhusu mpaka, ramani haina neno la mwisho, na uzio peke yake hautoshi. Pa kuanzia ni alama ambazo mpimaji wa kwanza aliziweka ardhini.

Mfumo huu ulianzia kwenye sheria iliyopitishwa na Kongresi ya Marekani tarehe 20 Mei 1785. Taifa lilikuwa limetoka vitani likiwa na madeni makubwa na madai ya ardhi nyingi upande wa magharibi, nalo likaamua kuiuza ardhi hiyo. Ili kipande kiuzwe kwa mtu aliye mbali ambaye hajakiona kwa macho, kilihitaji jina ambalo hakuna kipande kingine kinalo, na majina ya namna ya "kutoka mwaloni mkubwa hadi kwenye jiwe jeupe la mtoni", yaliyotumika katika majimbo ya zamani, yalikuwa yamezaa kesi zisizokwisha. Sheria ikaagiza nchi ikatwe katika miraba ya maili 6 kwa 6, inayoitwa taunishipu, na kila taunishipu igawanywe katika seksheni 36 za maili moja ya mraba, yaani ekari 640 kila moja, huku seksheni ya 16 ikitengwa kwa ajili ya shule. Tangu sheria ya mwaka 1796, seksheni huhesabiwa kuanzia kona ya kaskazini mashariki kuelekea magharibi hadi ya 6, kisha hesabu inashuka mstari mmoja na kurudi mashariki, kama ng'ombe wa jembe wanavyogeuka wafikapo mwisho wa shamba. Ndiyo maana seksheni ya 6 iko daima kwenye kona ya kaskazini magharibi ya taunishipu, na kipande mnachotaka kununua kiko kwenye kona ya kona hiyo.

Hesabu ya taunishipu za Iowa inaanzia mbali sana na Iowa. Mwaka 1815 wapimaji wawili, Prospect Robbins na Joseph Brown, walitumwa kwenye mabwawa ya eneo ambalo leo ni jimbo la Arkansas. Robbins alianzia mlangoni mwa mto Arkansas akapima mstari kwenda kaskazini, nao ukawa Meridiani Kuu ya Tano. Brown alianzia mlangoni mwa mto St. Francis akapima mstari kwenda magharibi, nao ukawa mstari wa msingi. Sababu ya haraka ilikuwa kupata ardhi ya kuwalipa askari wa vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Mistari hiyo miwili inakutana ndani ya kinamasi, na kutoka hapo zimehesabiwa taunishipu za Arkansas, Missouri, Iowa, North Dakota, sehemu kubwa ya Minnesota na mashariki ya South Dakota. Kwa hiyo taunishipu ya kusini kabisa katika Iowa haikupewa namba 1 bali 65, na zile za mpaka wa kaskazini zina namba 100. Mji wenu wa Des Moines uko katika taunishipu ya 78 kaskazini, safu ya 24 magharibi, yaani mraba wa 78 kwenda kaskazini kutoka mstari wa msingi na wa 24 kwenda magharibi kutoka meridiani. Mkiona namba kubwa hivyo kwenye hati msidhani kuna kosa la mwandishi.

Upimaji ndani ya Iowa ulianza mwaka 1836 katika ukanda wa mashariki, kando ya mto Mississippi, ambao Wasauk na Wameskwaki, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walilazimishwa kuuachia kwa mkataba wa 1832 baada ya kushindwa vitani. Walowezi walikwisha kuingia tangu 1833, kabla ya mpimaji hata mmoja, na kwa hiyo walijitwalia mashamba kwa kuweka alama zao wenyewe. Mnada wa kwanza wa serikali ulipofanyika katika miji ya Dubuque na Burlington mwezi Novemba 1838, kwa bei ya chini kabisa ya dola 1.25 kwa ekari, walikuwa wameunda vyama vya kulindana, na mgeni aliyethubutu kupandisha bei juu ya shamba la mwanachama alijua kitakachompata. Mwaka huohuo wa 1838 ofisi ya Mpima Ardhi Mkuu kwa ajili ya Wisconsin na Iowa ilifunguliwa Dubuque. Eneo la Des Moines lilikuja baadaye: mkataba wa 1842 uliwataka Wasauk na Wameskwaki waondoke ifikapo Oktoba 1845, na wapimaji wakafuata nyuma yao. Iowa ikawa jimbo tarehe 28 Desemba 1846, wakati nusu yake ya kaskazini magharibi ilikuwa bado karatasi tupu, na kazi ya kulipima jimbo lote ilifika mwisho mwaka 1859.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa maana humo ndimo lilimo jibu la ekari zenu.

Mpimaji hakuwa mtumishi wa mshahara. Alipewa mkataba na ofisi ya Dubuque na kulipwa kwa kila maili ya mstari aliyopima, na kutoka katika fedha hizo aliwalipa na kuwalisha watu wake: washika mnyororo wawili, mtu wa shoka, pengine mtu wa bendera, wote wakiwa wameapishwa. Taunishipu moja ina maili 60 za mistari ya ndani, ukiacha mipaka yake ya nje. Chombo cha kupimia kilikuwa mnyororo wa chuma wa futi 66, wenye pingili 100, uliobuniwa na mwanahesabu Mwingereza Edmund Gunter katika karne ya 17. Minyororo 80 ni maili moja, na eneo la minyororo ya mraba 10 ni ekari moja. Ekari hiyo ndiyo iliyoletwa Afrika Mashariki na Waingereza, ile ambayo mkulima wa Tanzania huikadiria kwa hatua 70 kwa 70, kwa hiyo katika jambo hili mnasoma hesabu mnayoifahamu tayari.

Ndani ya taunishipu mpimaji alianzia kona ya kusini mashariki. Alipima kwenda kaskazini kati ya seksheni ya 35 na ya 36, akaweka alama kila baada ya nusu maili na kila maili, akageuka kufunga mraba, akapanda tena hadi akagonga mpaka wa kaskazini; kisha akarudi kusini na kuanza safu inayofuata upande wa magharibi. Kila alipoweka kona alitoa kipimo kamili cha minyororo 40 au 80. Lakini mnyororo hurefuka kwa kuvutwa, huinama bondeni, na pingili zake hulika. Dira nayo huyumba. Makosa hayo hayakuweza kufutwa, ila yangeweza kupelekwa mahali pamoja. Sheria ya tarehe 10 Mei 1800 iliagiza kwamba ziada au upungufu wowote utupwe kwenye nusu maili ya mwisho, upande wa kaskazini na upande wa magharibi wa taunishipu. Kwa sababu hiyo, seksheni 25 kati ya 36 zilihesabiwa kuwa kamili, na 11 zinazogusa mpaka wa kaskazini au wa magharibi zikabeba tofauti. Seksheni ya 6 peke yake inagusa mipaka yote miwili.

Kuna jambo la pili, ambalo halihusiani na uzembe wa mtu yeyote. Mistari inayoelekea kaskazini ya kweli haiendi sambamba, bali hukaribiana kadiri inavyoelekea ncha ya dunia, na haiwezekani kujaza uso wa dunia kwa miraba iliyo sawa. Kwenye latitudo za Iowa, mistari miwili iliyoachana maili 6 hukaribiana kwa takriban mita 13 kila inapopanda maili 6, yaani pingili kama 65. Mistari ya seksheni ilipimwa sambamba na mpaka wa mashariki wa taunishipu, kwa hiyo upungufu huu wa umbo la dunia nao ulirundikana upande wa magharibi, na ulikuwa mkubwa zaidi pale juu, kwenye seksheni ya 6.

Hebu tuijaribu hesabu ya kipande chenu. Robo ya robo iliyo kamili ina minyororo 20 kwa 20, yaani minyororo ya mraba 400, ambayo ni ekari 40. Tuseme urefu wa kusini hadi kaskazini ulikuwa kamili, minyororo 20, na upungufu wote uko upande wa magharibi. Minyororo 20 mara 18.70 ni minyororo ya mraba 374, sawasawa na ekari 37.40 za hati yenu. Upungufu wa upana ungekuwa mnyororo 1 na pingili 30, yaani mita 26 hivi, na karibu nusu yake ingetokana na kukaribiana kwa mistari tu. Iliyobaki ndiyo makosa ya mnyororo na dira katika safari ya maili 6. Kwa watu waliokuwa wakipita katika majani marefu na matope, wakilipwa kwa maili, mimi nauita huo upimaji mzuri. Vipimo halisi vya kila upande vimeandikwa kwa tarakimu ndogo pembezoni mwa ramani na katika daftari la mpimaji, na mtaweza kuona kama upungufu uko magharibi, kaskazini, au umegawanyika.

Kama mistari ingeachwa ikaribiane bila kikomo, taunishipu za kaskazini zingekuwa nyembamba mno, na ndiyo sababu iliwekwa mistari ya masahihisho ambapo upana kamili wa maili 6 ulipimwa upya. Iowa inayo miwili, mmoja kati ya taunishipu za 78 na 79, mwingine kati ya za 88 na 89. Mkiendesha gari kaskazini kwenye barabara za vijijini, ambazo nyingi zinafuata mistari ya seksheni, mtafika mahali barabara iliyonyooka inakata kushoto au kulia kwa hatua kadhaa na kuendelea tena. Mara nyingi hapo ndipo mstari wa masahihisho unapopita. Upande wa magharibi wa jimbo, katika kaunti ya Woodbury, kuna mji mdogo uliojengwa juu kabisa ya mstari wa pili, mitaa yake inavunjika katikati, na watu wake waliuita mji huo Correctionville bila kujisumbua kutafuta jina jingine.

Tuje kwenye kijito. Kwanza tazama ukubwa wa karatasi. Ramani ya taunishipu ilichorwa kwa kipimo cha inchi moja kwa minyororo 40, yaani inchi mbili kwa maili, kwa hiyo taunishipu nzima ni mraba wa inchi 12 na kipande chenu chote ni nusu inchi kwa nusu inchi. Ukucha wa kidole gumba unakifunika. Lakini udogo wa kipimo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba mpimaji aliajiriwa kutembea juu ya mistari ya seksheni, na hakuwa na wajibu wa kuingia ndani ya mraba. Aliandika katika daftari lake kila kitu ambacho mstari ulikikata: kijito, njia ya miguu, ukingo wa msitu, kinamasi, shamba lililolimwa, pamoja na umbali kutoka kona aliyoanzia. Daftari linaweza kusema, kwa mfano, kwamba kwenye mnyororo 23.50 mstari umekata kijito chenye upana wa pingili 12 kinachotiririka kusini mashariki. Hapo tuna ushahidi wa mtu aliyesimama mahali, takriban mita 473 kutoka kona, akaona maji ya upana wa mita mbili na nusu hivi. Daftari hilo lilipelekwa Dubuque, na huko mchoraji, ambaye hakuwahi kukiona kijito chenyewe, aliunganisha alama ya kuingia na alama ya kutoka kwa mkunjo uliompendeza.

Kwa hiyo mnapoitazama ramani, aminini mahali kijito kinapokata mstari wa seksheni, wala msiamini mikunjo yake ndani ya mraba. Mipaka miwili ya kipande chenu, wa kaskazini na wa magharibi, ni mistari iliyotembewa. Mipaka mingine miwili, wa mashariki na wa kusini, ilikuwa ya karatasi tu. Hakuna mpimaji wa serikali aliyekanyaga hapo katika miaka ya 1840. Kama daftari linaonyesha kwamba kijito kilikata mpaka wa kaskazini karibu na kona ya mashariki ya kipande chenu, basi pengine kilikuwa kikipita palepale kinapopita leo na mchoraji ndiye aliyekisukuma katikati. Kama kilikata katikati ya mpaka wa kaskazini, basi kijito ndicho kilichohama. Hilo nalo si la ajabu Iowa. Sehemu ya kaskazini ya katikati ya jimbo ilikuwa imejaa vinamasi, na tangu mwishoni mwa karne ya 19 wakulima walifukia mabomba ya udongo chini ya mashamba ili kuyakausha, wakanyoosha vijito vingi kwa mitaro. Kwa vyovyote vile, kijito hakikuwa mpaka. Wapimaji waliagizwa kufuata na kupima kingo za mito mikubwa kama Des Moines, pamoja na maziwa ya kutosha ukubwa, na eneo la maji hayo liliondolewa katika hesabu ya ekari zinazouzwa. Kijito cha kuruka kwa miguu hakikuondolewa. Ekari zenu 37.40 zina kijito ndani yake.

Kuhusu alama za kona, hapa ndipo sheria ya Marekani inapowashangaza wengi. Sheria ya tarehe 11 Februari 1805 inasema kwamba kona zilizowekwa na wapimaji wa serikali ndizo kona halali, na mistari iliyopimwa kati yake ndiyo mipaka. Maana yake ni kwamba kama mpimaji wa 1848 alitakiwa kuiweka kona hapa akaiweka mita kumi pale, na ardhi ikauzwa kwa kufuata kona hiyo, basi kona iko pale. Chombo cha satelaiti cha leo hakina mamlaka ya kuirudisha mahali ilipopaswa kuwa. Kazi ya mpimaji wa kisasa aliyesajiliwa ni kutafuta alama ya kwanza, au ushahidi wa mahali ilipokuwa, na anapoitafuta ndipo daftari la zamani linapokuwa na thamani kuliko ramani.

Msituni, mpimaji alisimamisha nguzo na kuchonga alama kwenye miti iliyo karibu, akaandika aina ya kila mti, unene wake kwa inchi, mwelekeo wake kwa dira na umbali wake kwa pingili. Kwenye mbuga ambako hapakuwa na mti wa kushuhudia alijenga tuta la udongo na kufukia chini yake makaa, jiwe au kigingi kilichounguzwa, kwa kuwa makaa hayaozi. Nguzo nyingi ziliungua katika mioto ya mbuga au zilioza ndani ya miaka michache. Hata hivyo makaa chini ya barabara ya changarawe yameonekana baada ya zaidi ya miaka mia moja, na mpimaji anayechimba kwa uangalifu hutafuta duara jeusi katika udongo kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Wanaikolojia nao wameyageukia madaftari hayohayo. Kwa kuunganisha miti ya kona na mistari ya kuingia na kutoka msituni, wamechora ramani ya uoto wa Iowa ya wakati huo, inayoonyesha kwamba sehemu kama nne kwa tano za jimbo zilikuwa mbuga ya majani; leo imesalia chini ya sehemu moja kwa elfu ya mbuga hiyo.

Mfano mkubwa kuliko yote wa mstari uliokosewa na kuhalalishwa ni mpaka wa kusini wa Iowa yenyewe. Mwaka 1816 John C. Sullivan aliupima mstari huo kuelekea mashariki bila kurekebisha ipasavyo mkengeuko wa dira, yaani tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli, na kadiri alivyosonga mstari ukawa unapinda kaskazini. Mwaka 1837 Missouri ilimtuma Joseph Brown, yuleyule wa Arkansas, kupima mstari mwingine ulio kaskazini zaidi. Mwaka 1839 wanamgambo wa pande zote mbili walikusanyika mpakani, ugomvi ukichochewa pia na miti yenye mizinga ya nyuki iliyokatwa katika ukanda uliogombaniwa, ingawa hawakufika kupigana. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1849 kwamba mstari wa Sullivan ndio mpaka, pamoja na kupinda kwake, kwa sababu serikali na wananchi walikuwa wameufuata kwa miaka mingi. Ukiutazama kwa makini kwenye ramani yoyote ya leo utaona hauko sambamba na mpaka wa kaskazini.

Je, ramani zote za wapimaji hawa ni za kuaminika? La, si zote. Malipo kwa maili yaliwashawishi wengine kuandika madaftari wakiwa wamekaa hemani. Upimaji wa sehemu kadhaa za Michigan ulirudiwa katika miaka ya 1840 kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ilishughulikia ardhi ya Arkansas ambapo wapimaji walichora ziwa ambalo halikuwepo, na ardhi hiyo ikabaki mali ya serikali kuu kwa kuwa haikuwa imepimwa wala kuuzwa. Dalili ya kutilia shaka ni ukamilifu uliopita kiasi: seksheni 36 zote zenye ekari 640 kamili na kijito kinachokata mstari mmoja bila kutokea kwenye unaofuata. Ramani yenye namba kama 37.40 kwenye kona yake ya kaskazini magharibi hunipa imani, maana mwongo hajisumbui kubuni sehemu za ekari.

Msomaji asichanganye ramani ya taunishipu na aina nyingine mbili za karatasi za zamani zinazouzwa kama mapambo. Ya kwanza ni michoro ya jimbo zima ambayo ofisi ya Dubuque iliitayarisha kila mwaka kuambatana na taarifa kwa Kongresi. Hiyo huonyesha miraba ya taunishipu zilizokwisha kupimwa, na ukizipanga kwa miaka unaona miraba ikisonga magharibi na sehemu nyeupe ikipungua. Inapendeza ukutani na ni muhimu kwa historia, lakini haina ekari wala kona. Ya pili ni vitabu vya ramani vya kaunti vya miaka ya 1870 na kuendelea, vilivyochapishwa na kampuni binafsi na kuuzwa kwa wakulima, vikiwa na majina ya wenye mashamba. Vinasaidia kujua nani alimiliki nini mwaka fulani, si mpaka uko wapi.

Na ule weupe wa michoro ya kila mwaka usiwadanganye kuwa nchi ilikuwa tupu. Mpimaji aliandika njia na vijiji vya wenyeji pale tu mstari wake ulipovikata, na kijiji kilichokuwa katikati ya mraba hakikuwa na namna ya kuingia kwenye daftari. Wadakota, wenyeji wengine wa asili, waliachia ardhi yao ya kaskazini magharibi mwa Iowa kwa mkataba wa 1851. Wameskwaki kwa upande wao waliutumia mfumo huu kwa njia ambayo walioubuni hawakuitarajia: mwaka 1857, baada ya kuondolewa Iowa, walichanga fedha wakanunua ekari 80 katika kaunti ya Tama, ambazo ni vipande viwili vya aina ya hiki mnachokitaka ninyi, na makazi yao yako hapo hadi leo yakiwa yameongezeka mara nyingi.

Kwa hatua zinazofuata, msiridhike na nakala ya muuzaji. Ofisi Kuu ya Ardhi iliyoanzishwa mwaka 1812 iliunganishwa na idara nyingine mwaka 1946 kuwa Idara ya Usimamizi wa Ardhi, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya huko, ambayo hushughulika na ardhi na maliasili wala si polisi kama ilivyo kwetu. Idara hiyo imeweka ramani za taunishipu na hati za mauzo ya kwanza kwenye intaneti bila malipo, na mnatafuta kwa namba ya taunishipu, safu na seksheni. Someni namba ya ekari iliyoandikwa ndani ya kipande chenu. Ikiwa ni 37.40, hati yenu imenakili kipimo rasmi ambacho mnunuzi wa kwanza alikilipia, na hakuna cha kudai. Ikiwa ni tofauti, basi kuna upimaji wa baadaye, au kipande kilimegwa kwa ajili ya barabara au reli, na maelezo yake yanapaswa kuwa kwa msajili wa kaunti. Katika ofisi hiyohiyo ombeni vyeti vya kona za seksheni ya 6, ambavyo wapimaji wa Iowa huviandikisha wanapoikuta au kuirudishia alama ya zamani. Vikiwepo vya kona ya kaskazini magharibi, vitawapunguzia gharama.

Uzio nao msiupuuze. Mahakama za Iowa zinaweza kuutambua kuwa mpaka uzio ambao majirani wote wawili wameukubali na kuufuata kama mpaka kwa miaka 10, hata kama haukai juu ya mstari wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kutia saini mwajirini mpima ardhi aliyesajiliwa katika jimbo, mwambieni atafute kona mbili za mpaka wa magharibi na ile ya nusu maili upande wa kaskazini, na achore uzio ulivyo juu ya mistari aliyoipata. Kama uzio na mistari vinaachana, mwulizeni jirani wa upande huo ni nani aliyeujenga na lini, na majibu yake mpelekeeni mwanasheria wa ardhi kabla fedha hazijatoka mikononi mwenu.